Zilipendwa na Zilizopendwa: Maelezo ya Jina la Muziki wa Ujanani

Neno zilipendwa lasikika sana katika redio na kumbi za dansi za Tanzania, na ndugu yake, zilizopendwa, lasikika vivyo hivyo nchini Kenya. Yote mawili hutumika kuutaja muziki wa zamani, hasa ule wa bendi za magitaa uliopigwa tangu miaka ya 1950 hata miaka ya 1980, ambao watu waliokuwa vijana wakati huo huusikiliza leo kwa furaha iliyochanganyika na huzuni. Kwa kuwa maneno haya ni mepesi na hufahamika na kila mtu, ni nadra kuulizwa yamejengwaje, wala kwa nini lugha imeyajenga hivyo. Makala haya yakusudia kueleza jinsi muziki huo ulivyowafikia vijana wa siku zile, jinsi majina haya mawili yanavyotofautiana kwa sarufi, na jinsi maana yake inavyoshindaniwa sasa baina ya wazee na vijana.

Mwaka 1688 tabibu Johannes Hofer, katika tasnifu yake aliyoitoa Basel, alitunga kwa mizizi ya Kigiriki neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia hata leo kwa hali ya kuyatamani yaliyopita. Asili yake ni maumivu ya kutaka kurudi nyumbani, nalo lilikuwa jina la ugonjwa. Neno hilo lamtazama mtu na kuyapa jina maumivu yake. Kiswahili nacho kina hamu, shauku, majonzi na ukiwa, na kila moja lagusa upande mmoja wa hali hiyo. Lakini yakija mambo ya muziki wa ujanani, wasemaji hawakuchukua hata moja katika hayo. Waliyaacha maumivu ya msikilizaji, wakazipa jina nyimbo zenyewe, na jina hilo ni habari ya jambo lililozipata: zilipendwa.

Yafaa kukumbuka kwamba vijana wa miji ya Afrika ya Mashariki hawakukua na muziki wa namna moja. Mwaka 1954 Bill Haley na wenzake walirekodi nchini Marekani wimbo "Rock Around the Clock", na mwaka uliofuata wimbo huo ukashika nafasi ya kwanza nchini humo. Mwaka 1960 Chubby Checker akauimba "The Twist", na vijana wa nchi nyingi wakaanza kucheza bila kushikana mikono. Mambo hayo yalivuka bahari kwa santuri, kwa sinema na kwa redio, yakakuta rumba ya Kuba na ya Kongo imekwisha kuzoeleka. Redio yenyewe ilikuwa ingali changa. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kijana aliyezaliwa mwaka 1945 alikua pamoja na chombo hicho, akibalehe nacho kikipanuka.

Wala muziki huo haukupokelewa ukaachwa ulivyo. Mjini Nairobi bendi ya Equator Sound iliwakusanya Daudi Kabaka, Fadhili William, na wenzao Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma waliotoka Zambia. Kabaka aliufanya mtindo wa twisti kuwa wa Kiafrika hata akajulikana kuwa mfalme wake. Wimbo wake "Helule Helule" ulichukuliwa na kundi la Kiingereza la The Tremeloes, nao mwaka 1968 ukaingia katika orodha ya nyimbo ishirini zilizouzwa sana Uingereza. Hivyo mdundo uliokuja kutoka ng'ambo ulirudi ng'ambo umevaa nguo nyingine. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, Patrick Balisidya na bendi yake ya Afro 70 walirekodi pamoja na wanamuziki wa Sweden santuri iliyoitwa "Bado Kidogo". Mtu akiuliza kama vijana wale walikua na muziki wa roki au na muziki wa kwao, jibu ni kwamba katika masikio yao mipaka hiyo haikuwa imara.

Nyayo za wakati huo zimebaki katika msamiati. Roki lenyewe halikutia mizizi mirefu katika Kiswahili, ila twisti lilikaa, likachukua ngeli ya N na kitenzi kucheza. Santuri, ambalo asili yake ni jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na nchi za Kiarabu, lilihamia kwenye sahani ya muziki na chombo cha kuipigia. Bendi zikaita kila moja mtindo wake: Msondo wa NUTA Jazz, Saboso wa Western Jazz, na baadaye Sikinde wa Mlimani Park. Lenye kustaajabisha zaidi ni neno bugaluu. Huko New York lilikuwa jina la muziki na dansi iliyovuma katikati ya miaka ya 1960; huku Tanzania likawa jina la suruali pana chini, iliyovaliwa pamoja na viatu vya raizoni, ambavyo soli zake zilikuwa nene. Wengi walioivaa suruali hiyo hawakupata kuucheza muziki ulioipa jina.

Mavazi na muziki hayakutenganishwa na wala na wale waliovikataa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokataza nguo fupi za wanawake, mawigi, suruali za kubana na mengineyo, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Mwaka huo huo wa 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Waliotoa amri hizo waliona kwamba taifa changa haliwezi kujenga utamaduni wake kwa kuiga; waliozipinga waliona kwamba kijana hawi msaliti wa nchi kwa kucheza. Hoja za pande zote mbili zilichapwa magazetini, na watu wenye heshima walisimama huku na huku. Kwa hiyo muziki ambao leo huitwa kwa jina la mapenzi ulikuwa, kwa sehemu yake, muziki wa ugomvi. Jambo hili litahitajika katika uchambuzi wa sarufi unaofuata.

Neno zilipendwa likigawanywa, hupatikana zi-, kiambishi cha ngeli kinachorejea nyimbo, -li-, alama ya wakati uliopita, -pend-, mzizi, -w-, alama ya kutendwa, na -a ya mwisho. Hiyo ni sentensi kamili, yenye kutoa habari. Katika zilizopendwa imeongezwa -zo-, alama ya urejeshi, nayo yaigeuza sentensi kuwa sifa ya jina lisilotajwa, yaani nyimbo ambazo zilipendwa. Ujenzi huu wa pili si mgeni. Mwanzoni mwa kitabu huandikwa yaliyomo, na katika mikutano husemwa yatokanayo, na katika yote mawili jina mambo limeachwa kwa kuwa lafahamika. Zilizopendwa yafuata njia hiyo iliyokwisha kupasuliwa.

Zilipendwa, kinyume chake, ni sentensi iliyofanywa jina bila kubadilishwa chochote. Mfano wa karibu wapatikana katika majina ya watu, kama Sikujua na Sikudhani, ambayo huhifadhi neno alilolisema mzazi siku ya kuzaliwa mtoto. Jina la namna hii huwa na nguvu ya ushuhuda. Zilizopendwa hubagua: baadhi ya nyimbo zilipendwa, nyingine hazikupendwa, na hizi hapa ni zile za kwanza. Zilipendwa haibagui, bali yashuhudia.

Kwamba neno hili limekwisha kuwa jina halisi huonekana kwa majaribio machache. Kwanza, husemwa "wimbo huu ni zilipendwa", hali wimbo ni mmoja; kiambishi zi- kimeganda na hakidai tena wingi. Lau lingekuwa kitenzi, ingepasa kusemwa "wimbo huu ulipendwa", na hilo laweza kusemwa hata juu ya wimbo wa mwaka jana. Pili, husemwa "muziki wa zilipendwa", lakini hakuna asemaye "muziki wa hazikupendwa", kwa sababu jina haligeuzwi kukanusha kama kitenzi kigeuzwavyo. Tatu, mara atajwapo mtenda, jina hufa na kitenzi hufufuka: katika "zilipendwa na wazee wetu" hapana tena jina la muziki, bali habari tu ya wazee na mapenzi yao.

Jaribio hili la tatu lina uzito kuliko yale mawili. Laonyesha kwamba jina huishi kwa sharti moja, nalo ni kwamba mpendaji asitajwe. Kauli ya kutendwa humficha mtenda, na hapa imemficha kabisa. Anayesikia zilipendwa haambiwi ni nani aliyezipenda, wala hakumbushwi kwamba walikuwapo wasiozipenda. Mzee aliyekemewa kwa ajili ya suruali yake mwaka 1969 na mzee aliyemkemea waweza kuketi leo katika ukumbi mmoja, wakaitikia kiitikio kimoja, na jina la muziki huo likawafaa wote wawili. Hapana shaka kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya jina hili kukubalika upesi. Lakini mchunguzi wa historia hapaswi kuridhika na amani hiyo, maana imepatikana kwa kumwondoa mtu katika sentensi.

Yabaki alama -li-, ambayo ndiyo chanzo cha ugomvi wa sasa. Tangu miaka ya 1990, ulipoanza kuvuma muziki wa kizazi kipya uitwao Bongo Flava, zilipendwa limepata maana ya pili. Nguo ambayo haivaliwi tena huitwa zilipendwa. Na mwanasiasa aliyepoteza kiti huweza kuitwa hivyo, ingawa zi- si kiambishi cha watu. Maana yake hapo ni kitu kilichopitwa na wakati, na jina la sifa limekuwa la mzaha. Mwaka 2017 kundi la Wasafi, pamoja na Diamond Platnumz, lilitoa wimbo ambao jina lake ni neno lilo hilo. Wazee wengine huona kwamba vijana wameliharibu neno.

Ukitazamwa kwa makini, mgogoro huu hautokani na uharibifu. Watokana na namna mbili za kuisikia alama moja. Alama -li- yaeleza kwamba jambo lilitendeka wakati fulani uliopita. Haisemi kama jambo hilo limekoma. Mtu akisema "utotoni nilipendwa na mama yangu", hakuna mwenye busara atakayeelewa kwamba mama ameacha kumpenda. Hata hivyo, msikilizaji ana haki ya kujiuliza kwa nini hakusikia zinapendwa, na kwa kutosikia hivyo akakisia kwamba mapenzi yamekwisha. Basi mzee huisikia -li- kuwa yataja wakati tu: zilipendwa siku zile, na ushahidi wa mapenzi ya leo ni kwamba yeye bado azisikiliza. Kijana huisikia -li- pamoja na kisio lake: zilipendwa, yaani hazipendwi tena. Wote wawili wasema Kiswahili safi. Kisio la mmoja limekuwa sehemu ya maana, kama ilivyokwisha kutokea kwa maneno mengi katika lugha zote.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Kijana anayeliita jambo zilipendwa kwa mzaha asimama upande wa methali hiyo. Mzee aweza kumjibu kwamba Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, Daudi Kabaka mwaka 2001, na Balisidya mwaka 2004, na nyimbo zao zingali zaombwa redioni. Majibizano hayo yamo ndani ya neno moja, na ndiyo yanayolifanya listahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha.

Kwa watungaji wa kamusi, basi, yafuata mambo mawili. Zilipendwa yafaa iingizwe kama jina, si kama umbo la kitenzi penda, ikipewa maana zote mbili kwa mpangilio wa kutokea kwake, bila ya pili kuitwa kosa. Na zilizopendwa ionyeshwe kuwa ni umbo la Kenya lenye maana ya kwanza. Kwa wakusanyaji wa masimulizi, kazi ni ya haraka zaidi. Aliyekuwa na miaka ishirini twisti ilipokuwa ikivuma mwaka 1962 amekwisha kupita themanini. Nyimbo nyingi zimehifadhiwa katika santuri na kanda. Maneno yaliyozizunguka, majina ya mitindo, ya nguo, ya viatu na ya hatua za dansi, mengi yamo vinywani tu. Wazee hao wakiulizwa, wasiulizwe nyimbo zipi zilipendwa peke yake. Waulizwe pia zilipendwa na nani, na ni nani aliyezikataa, ili yule aliyefichwa na kauli ya kutendwa aandikwe jina lake wakati mashahidi wangalipo.