Upepo Unaopanda Mto: Kiangazi Katika Korongo la Columbia

Mtu asimamaye ukingoni mwa Mto Columbia, penye mji mdogo wa Hood River katika jimbo la Oregon nchini Marekani, alasiri ya mwezi wa Julai, huona jambo ambalo mwanzoni humtatiza. Maji ya mto huteremka kuelekea magharibi, kwenye Bahari ya Pasifiki. Lakini mawimbi yaliyo juu ya maji hayohayo hukimbilia mashariki, yaani hupanda mto. Na juu ya mawimbi hayo watu makumi kwa makumi huenda na kurudi kwa kasi toka ukingo mmoja hadi wa pili, wengine wakiwa wamesimama juu ya mbao zenye tanga, wengine wakivutwa na tiara kubwa za kitambaa. Hakuna mwenye injini miongoni mwao.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Ubao wenye tanga, ambao mlingoti wake hauna kamba za kuushikilia bali hushikwa kwa mikono ya mchezaji, ulipewa hataza huko Marekani mwaka 1970, na mwaka 1984 ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki. Ni katika miaka hiyo ya 1980 mwanzoni ndipo wachezaji walipoanza kumiminika Hood River, mji ambao hapo awali ulijulikana zaidi kwa matunda yake. Wa tiara walifuata baadaye. Kilichowavuta ni upepo unaovuma karibu kila siku wakati wa kiangazi, tena katika mahali palipo kilometa 270 hivi kutoka baharini kwa njia ya mto. Swali letu ni hili: upepo huo hutoka wapi, na kwa nini huvuma kwa nguvu pale, wakati vilima vya jirani vimetulia?

Wanafunzi wa pwani yetu wanayo nusu ya jibu tayari. Wavuvi hutoka alfajiri kwa umande, upepo utokao nchi kavu, na kurejea baadaye kwa matlai, upepo utokao baharini. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi hupanuka na kuwa nyepesi, mgandamizo wake hupungua, na hewa baridi ya baharini husogea kushika nafasi. Huko Oregon mambo ni hayohayo, ila vipimo vyake ni vikubwa zaidi. Upande wa magharibi kuna Pasifiki, ambayo kando ya pwani ile ni baridi hata katikati ya kiangazi: pepo za kaskazini husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya vilindini huibuka kushika mahali pake, yakiwa na joto la digrii 10 hadi 14 tu za Selsiasi. Upande wa mashariki kuna bonde kubwa kavu, karibu nusu jangwa, ambako joto la Julai mara nyingi hupita digrii 35. Katikati ya viwili hivyo imesimama Milima ya Cascade, iliyojipanga toka kaskazini hadi kusini kama ukuta.

Hewa baridi ya baharini ni nzito na hulala chini. Tabaka lake halizidi mara nyingi unene wa mita elfu moja hivi, na juu yake huwapo hewa ya joto inayoifunika kama kifuniko cha chungu. Kwa hiyo haiwezi kuuvuka ukuta ule kwa urahisi. Ina mlango mmoja tu: korongo ambalo Mto Columbia umelichimba kupita katikati ya milima, lenye urefu wa kilometa 130 hivi, na kingo ambazo mahali pengine hufikia kimo cha mita 1,200. Hii ndiyo njia pekee inayopita katika Cascade ikiwa karibu na usawa wa bahari. Penye Hood River uso wa mto hauzidi kimo cha mita 30. (Korongo lilipanuliwa na mafuriko ya kutisha mwishoni mwa zama za barafu, na mwanajiolojia J Harlen Bretz, aliyeyaeleza mwaka 1923, alipingwa kwa miongo mingi kabla ya kukubaliwa. Hicho ni kisa cha kutosha makala nyingine.)

Hapa inafaa tusahihishe maelezo yanayorudiwa mara nyingi, hata darasani. Husemwa kwamba upepo huongeza kasi kwa sababu korongo ni jembamba, kama maji yanavyoruka mbali ukibana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani. Mfano huo unavutia, lakini haulingani na mambo yalivyo. Maji yaliyo ndani ya mpira hayana pa kukimbilia; hewa iliyo mlangoni mwa korongo inapo. Yaweza kujikusanya na kusimama, yaweza kuinuka, yaweza kupita kando. Aidha, kama ubanaji ndio chanzo, tungetarajia upepo uwe mkali kabisa pale palipo pembamba zaidi, kisha ulegee mara korongo linapofunguka. Sivyo inavyotokea. Wakati wa baridi, upepo wa korongo hugeuka na kuvuma toka mashariki, na mahali panaposifika kwa ukali wake ni Crown Point, mwambani karibu na mlango wa magharibi, pale ambapo hewa inatoka na si pale inapobanwa.

Kinachousukuma upepo ni tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya ncha mbili za korongo. Hewa huanza safari yake polepole, na kila kilometa inayokwenda kuelekea kwenye mgandamizo mdogo huiongezea kasi, kama gari linaloteremka mlima bila breki. Kingo za korongo kazi yake ni kuizuia isitawanyike. Tena, inapokaribia kutoka, tabaka la hewa baridi huwa jembamba na kuongeza mwendo, kama maji yanavyofanya yakimwagika juu ya ukuta wa bwawa dogo.

Hebu tupige hesabu. Wachezaji wa Hood River hulinganisha mgandamizo wa Portland, upande wa magharibi, na ule wa The Dalles, upande wa mashariki. Tuseme tofauti ni milibari 3. Ni kitu kidogo mno: ni uzito wa maji yenye kina cha sentimeta 3 tu. Milibari 3 ni paskali 300. Kila meta ya ujazo ya hewa ina masi ya kilogramu 1.2 hivi, kwa hiyo kila kilogramu ya hewa inayosafiri toka ncha moja hadi nyingine hupewa jouli 250 za nishati. Kama zote zingegeuka kuwa mwendo, tungetafuta kasi ambayo nusu ya mraba wake ni 250. Jibu ni meta 22 kwa sekunde, au kilometa 80 kwa saa. Sasa, tuseme siku hiyo upepo uliopimwa mtoni ni wa kilometa 40 kwa saa. Kasi ni nusu. Lakini nishati hufuata mraba wa kasi, basi iliyobaki ni robo. Robo tatu imepotea katika msuguano dhidi ya maji, misitu na miamba, na katika kuzivuta tabaka nyingine za hewa. Sijui kama kuna mfano ulio mzuri zaidi wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba msuguano si jambo la kuachwa pembeni kila tunapoandika mlinganyo.

Mwalimu atakayejaribu zoezi hili ajihadhari na mtego mmoja. Karibu na usawa wa bahari mgandamizo hupungua kwa milibari 1 kwa kila meta 8 unazopanda. Kituo cha uwanja wa ndege wa The Dalles kipo kwenye kimo cha meta 75 hivi, na kile cha Portland meta 9 tu. Kimo hicho peke yake huleta tofauti ya milibari 8, zaidi ya maradufu ya ile iletayo upepo mzuri. Asiyesahihisha vipimo vyote viwili viwe vya usawa wa bahari atatabiri tufani kila siku ya mwaka! Ni kosa lilelile la mtu ambaye angesoma barometa ya Mombasa na ya Nairobi, kisha akashangaa kwa nini magari hayapeperushwi kupanda bara.

Dalili nyingine hazihitaji chombo. Mawingu ya kijivu yakilala chini penye Cascade Locks, upande wa magharibi, na anga ikiwa kavu na ya buluu juu ya The Dalles, siku ni njema. Mpaka huo wa mawingu haukuja kwa bahati. Cascade Locks hupata mvua ya milimeta 1,900 hivi kwa mwaka, na The Dalles, mwendo wa kilometa 65 tu, hupata kama 360. Msafiri huanza katika msitu wenye kuvu na maporomoko ya maji, na kabla ya saa moja kwisha yumo katika majani makavu. Penye Hood River, katikati ya hali hizo mbili, upepo huwa na nguvu zaidi alasiri na jioni, bonde la mashariki likiisha kupata joto lake. Hewa ya bahari ikiwa nyingi kupita kiasi, hupenya mbali, hulipoza bonde, na upepo huhamia mashariki. Basi wachezaji hufunga mbao zao juu ya magari na kuufuata.

Miti nayo imeandika kumbukumbu. Mwaka 1939 mtaalamu wa mimea Donald B. Lawrence alichapisha uchunguzi wake kuhusu miti ya korongo hili ambayo matawi yake yamebaki upande mmoja tu. Karibu na mlango wa magharibi miti huonyesha kazi ya upepo wa mashariki wa majira ya baridi, uliobeba barafu. Mbali zaidi mashariki, huonyesha kazi ya upepo wa magharibi wa kiangazi, wakati machipukizi yanapokua.

Mgeni hudhani kwamba joto likizidi upepo utazidi. Sivyo. Kinachotakiwa ni tofauti. Joto kali likivuka milima na kuifunika Portland pia, mgandamizo hushuka pande zote mbili, na mto hulala kama kioo. Mbaya zaidi, eneo la mgandamizo mdogo laweza kuhamia magharibi ya milima, na hapo upepo hugeuka, ukavuma toka jangwani, mkavu na wa moto. Moto wa Eagle Creek ulioanzishwa na fataki tarehe 2 Septemba mwaka 2017 uliteketeza karibu hekta 20,000 za korongo. Upepo wa mashariki ndio ulioukimbiza kuelekea magharibi, na cheche zikavuka mto na kuwasha msitu wa jimbo la Washington. Tarehe 28 Juni 2021, Portland ilipofikia digrii 46.7, joto ambalo halikuwahi kupimwa pale, hapakuwa na tofauti ya kuleta upepo wa bahari. Watu wengi walikufa kwa joto katika siku zile, hadi hewa ya Pasifiki iliporejea.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalo korongo lao la upepo, pana kuliko lile. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna bonde la Turkana, na mwaka 1982 J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walieleza mkondo wa upepo mkali upitao humo toka kusini-mashariki karibu na ardhi. Huko hakuna wachezaji. Kuna mitambo 365 ya kuzalisha umeme, iliyozinduliwa mwaka 2019.

Turudi mtoni, maana mchezaji hashughuliki na hewa peke yake. Kani ya upepo juu ya tanga hufuata mraba wa kasi: upepo ukipanda toka kilometa 30 hadi 45 kwa saa, kani huongezeka mara mbili na robo. Aliyetoka na tanga la meta za mraba 6 hulazimika kurejea ukingoni kuchukua la 4 au dogo zaidi. Tena upepo unakwenda kinyume na mkondo, na mawimbi yanayokutana na mkondo hufupika na kuinuka wima. Ndiyo maana mawimbi ya Juni, theluji ya milimani ikiwa imeyeyuka na mto umejaa, ni makubwa kuliko ya Agosti, hata upepo ukiwa uleule. Maji ya Juni pia ni baridi. Ya Agosti hufikia digrii 20 na zaidi.

Kukinzana huko kuna faida. Upepo humsogeza mchezaji mashariki, mkondo humrudisha magharibi, na akijua kuvipima aweza kukaa mbele ya ufuko aliotokea mchana kutwa. Faida hiyo hukoma ghafla upepo ukianguka. Tanga huwa kitambaa kilicholowa, na mkondo unabaki peke yake. Na katikati ya mto hupita matishari ya ngano, yakisukumwa na meli fupi zenye nguvu, ambayo hayawezi kusimama wala kukata kona kwa ajili ya mtu mmoja aliye majini. Wenye uzoefu, wanapoona mistari ya povu inafifia upande wa magharibi, hawangojei kuthibitisha. Hugeuza mbao zao papo hapo, wakauelekea ukingo ulio karibu, uwe ni wa Oregon au wa Washington.