Jani la mwaloni linavyotunza kumbukumbu za hewa

Wengi wetu tunaujua mwaloni kwa kuusoma tu kwenye Biblia, kwenye habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre. Huku kwetu kusini mwa Sahara hauoti wenyewe porini. Ulaya, hata hivyo, ni mti wa kila siku, na majani yake yamewasaidia wanasayansi kujibu swali linalotuhusu sote: hewa imebadilika kiasi gani?

Jibu liko upande wa chini wa jani, kwenye vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu.

Kuna nini huko chini?

Ukiweka jani la mwaloni chini ya hadubini utaona vitundu vingi, mamia kadhaa katika kila milimita moja ya mraba. Vinaitwa stomata. Kila kimoja kina seli mbili zilizopinda kama maharage, zinazokifungua na kukifunga.

Kwenye mwaloni vitundu hivi viko upande wa chini tu. Juu jua ni kali, maji yangepotea haraka. Upande wa juu una nta, ndiyo maana tone la mvua huteleza.

Kupitia vitundu hivyo jani huingiza hewa ya ukaa (kabonidayoksaidi) ya kutengenezea chakula. Shida ni kwamba kitundu kikifunguka, maji nayo hutoka. Yaani mti unanunua chakula kwa maji.

Vinyoya vya nyota

Mialoni mingine ina vinyoya vidogo sana vyenye umbo la nyota. Mwaloni wa nchi za Mediterania, *Quercus ilex*, umejaa vinyoya hivyo upande wa chini mpaka jani linaonekana la kijivu. Hutuliza hewa karibu na vitundu ili maji yasipotee ovyo wakati wa kiangazi.

Vinyoya hivyo hunasa vumbi pia. Huko Naples, Italia, watafiti wamekuwa wakichuma majani ya mti huu kando ya barabara ili kupima uchafu wa magari.

Hesabu ya miaka 200

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Hewa ya ukaa ikiwa nyingi, mti hauhitaji milango mingi ya kuiingiza. Basi majani mapya huota yakiwa na vitundu vichache zaidi.

Mwaka 1987, mtaalamu wa mimea Ian Woodward wa Uingereza alichapisha matokeo ya kuhesabu vitundu kwenye majani makavu yaliyokusanywa na kutunzwa kwa miaka 200. Yalikuwa ya aina nane za miti, mwaloni ukiwemo. Alikuta vitundu vimepungua kwa asilimia 40.

Katika kipindi hicho hewa ya ukaa ilikuwa imepanda kutoka sehemu 280 hadi 340 katika kila milioni. Leo imeshavuka 420. Woodward alifanya pia majaribio ya kuotesha mimea mahali ambapo kiwango cha hewa hiyo kinadhibitiwa, na majibu yakawa yale yale.

Kumbe waliokausha majani hayo zamani walikuwa wakitunza ushahidi bila kujua!

Je, hesabu hii inaaminika?

Inahitaji uangalifu. Jani la juani huwa na vitundu vingi kuliko la kivulini, hata kwenye mti mmoja. Kwa hiyo watafiti hawaishii kuhesabu vitundu tu, bali hupima pia uwiano wake na seli nyingine za ngozi ya jani.

Kwa njia hiyo wamesoma hata majani ya mialoni yaliyofukiwa ardhini magharibi mwa Ujerumani kwa mamilioni ya miaka, wakakadiria hewa ya enzi hizo.

Jaribu mwenyewe

Huhitaji mwaloni. Chukua jani la mwembe, upake upande wa chini rangi ya kucha isiyo na rangi, usubiri ikauke kabisa. Bandika selotepu juu yake, ibandue taratibu, kisha ibandike kwenye kioo cha hadubini ya shule. Utaona alama za vitundu.

Majani makavu ya zamani tunayo hata sisi. Hifadhi kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani mkoani Tanga, sasa iko Nairobi kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mtu anaweza kuona ni makaratasi yenye majani ya kahawia tu. Lakini jani likitupwa, hewa ya mwaka lilipochumwa haiwezi kuchumwa tena.