Kozi Mgonjwa Hajionyeshi

Katika ukumbi wa mapokezi wa Hospitali ya Kozi ya Abu Dhabi, wagonjwa husimama kimya kwa safu. Kila mmoja yuko juu ya kitulio kifupi kilichofunikwa zulia la nyasi bandia, mguuni amefungwa kamba nyembamba, kichwani amevishwa kofia ya ngozi iliyomziba macho yote mawili. Wenye ndege wamekaa pembeni na kanzu zao nyeupe, wakisubiri kuitwa. Hakuna anayelia wala anayepiga mabawa. Mgeni akiingia anaweza kudhani hapa hakuna anayeumwa.

Dhana hiyo ndiyo shida ambayo madaktari wa hapa hupambana nayo kila siku. Kozi ni ndege mwindaji, na porini anayeonyesha unyonge hupokonywa eneo lake, au huliwa na aliye mkubwa kuliko yeye. Mwili wake umeumbika kuficha. Mfugaji wa kuku wa Morogoro au Machakos anaijua tabia hii: jioni kuku alikuwa akidonoa na wenzake, asubuhi kakutwa amekufa bandani. Kozi huficha kwa ustadi zaidi. Ukimwona manyoya yamemtutumka na macho yamelegea, mara nyingi ugonjwa umeshamkaa muda mrefu. Kuanzia mizani mpaka kamera, karibu kila chombo cha hospitali hii kipo kwa sababu mgonjwa hatatoa dalili kwa hiari yake.

Hospitali ilifunguliwa tarehe 3 Oktoba 1999, nje ya mji, karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa. Mwaka 2001 uongozi wake ulishikwa na daktari wa wanyama kutoka Ujerumani, Margit Müller, na chini yake ikakua hata ikawa inapokea kozi wapatao 11,000 kwa mwaka. Wanatoka Abu Dhabi yenyewe, falme jirani na nchi nyingine za Ghuba. Wapo sakeri wa nyika za Asia ya Kati, wapo shahini mwenye kasi kuliko ndege wote, wapo jirfalkoni wakubwa wa Aktiki, na wapo machotara wa hao wote. Wengi ni majike, kwa kuwa katika kozi jike humzidi dume kwa takriban theluthi ya mwili, na mwindaji hupenda mwenye nguvu.

Uchunguzi huanza na mizani. Kozi jike wa kuwindia huwa na uzito wa kilo moja hivi, jirfalkoni zaidi ya hapo, na katika mwili mdogo kiasi hicho kupungua gramu 50 ni habari kubwa. Mwenye ndege aliye makini humpima kila siku na kukumbuka namba zake. Daktari akimuuliza namba hizo kwanza, kabla hata ya kumgusa ndege, ana sababu: kushuka kwa uzito ndiyo siri ambayo kozi hawezi kuificha.

Baada ya mizani, kinyesi. Watu wengi hawajui kwamba tone moja la kinyesi cha ndege lina vitu vitatu. Ile sehemu nyeusi au kahawia ndiyo mabaki ya chakula. Nyeupe inayofanana na chokaa ni taka za figo, kwa kuwa ndege hutoa taka hizo zikiwa karibu yabisi ili asipoteze maji. Na kuna maji kidogo yaliyo angavu. Kila sehemu husomwa peke yake. Nyeupe ikigeuka kijani kibichi, daktari huanza kufikiria ini, au sumu ya risasi. Sumu hiyo humpata kozi anapokula mawindo yaliyopigwa kwa bunduki: punje ya risasi ikikaa tumboni, asidi huiyeyusha polepole, madini huingia kwenye damu, na miguu huanza kulegea. Picha ya eksirei huionyesha punje kama nukta nyeupe, kipimo cha damu huthibitisha, na zipo dawa zinazoishika risasi ndani ya damu na kuitoa kwa njia ya figo. Kozi aliyewahiwa hupona.

Kisha mdomo hufunguliwa na kumulikwa. Madoa ya manjano kooni mara nyingi ni kazi ya kijidudu cha trikomonasi, ambacho kozi hukipata kwa kula njiwa. Mdondo, ule ule unaomaliza kuku vijijini kwetu, humpata kozi pia na kumtetemesha kichwa. Ndui huletwa na mbu. Haya ni maradhi yanayojulikana, na sitakaa nayo sana, kwa sababu kinachonishangaza mimi zaidi kuhusu ndege huyu ni namna anavyopumua.

Ndege hana kile kiwambo cha msuli kinachotenga kifua chetu na tumbo. Mapafu yake ni madogo, magumu, yamebanwa kwenye mbavu upande wa mgongoni, na hayatanuki wala kunywea. Kazi ya kuvuta hewa hufanywa na vifuko vyenye kuta nyembamba mno, ambavyo kwa ndege wengi ni tisa, vilivyotandaa kutoka shingoni hadi tumboni na kupenya hata ndani ya baadhi ya mifupa. Kidari kikisukumwa chini vifuko hujaa. Kikipanda, vifuko husukuma hewa kupitia mapafuni. Hewa hupita mapafuni kwa mwelekeo mmoja, ndege anapovuta pumzi na anapoitoa pia. Sisi tunachanganya hewa mpya na iliyotumika kila tunapopumua. Ndege karibu hana hasara hiyo.

Ukielewa hilo, mambo mengi ya hospitali hii yanajieleza. Msaidizi anayemshika kozi hufunga vidole vyake kwenye mabawa na mapaja, kamwe habani kidari, kwa maana kidari kisipopanda na kushuka ndege hufa mkononi mwa aliyedhani anamsaidia. Dawa ya usingizi ni gesi ya isofurani inayopulizwa kwa barakoa ndogo: kofia huvuliwa, kichwa huingizwa ndani ya barakoa, na baada ya dakika moja au mbili ndege amelala. Gesi ikifungwa huamka kwa haraka ile ile. Kabla ya hapo lazima awe hajala, mfuko wa chakula shingoni ukiwa mtupu, kwa maana akitapika usingizini chakula kitaingia kwenye njia ya hewa. Na kozi akija koromeo limezibwa na uvimbe au uchafu, daktari anaweza kutoboa tundu dogo ubavuni, akaingiza mrija kwenye kifuko cha hewa cha nyuma, na ndege akapumua kwa ubavu wakati koromeo linashughulikiwa. Mamalia, binadamu akiwamo, hawezi jambo hilo.

Lakini neema hiyo ina mlango wa nyuma. Kuvu wa aspajilasi huishi kwenye majani yaliyooza, vumbi na vyakula vilivyohifadhiwa vibaya. Mbegu zake ziko hewani kila mahali na mimi na wewe tunazivuta leo bila kudhurika. Kwa kozi aliyechoka au aliyesafirishwa mbali, mbegu hizo hutua kwenye vifuko vya hewa, mahali penye joto na unyevu, na kuota. Jirfalkoni ndiye anayeumia kuliko wote, kwani kwao ni baridi kali na hewa safi. Mara ya kwanza mwenye ndege huona kitu kidogo tu: sauti imebadilika, au kozi aliyekuwa akiruka kwa muda mrefu sasa anatua mapema. Daktari humlaza, akapitisha kamera nyembamba ubavuni, na kwenye skrini huonekana kuta za vifuko zilizopaswa kuwa angavu kama kioo zimeota utando wa kijivu. Kuutibu ni kazi ya wiki nyingi. Kuta hizo hazina mishipa mingi ya damu, kwa hiyo dawa ya kumeza haifiki vizuri. Ndege hukalishwa ndani ya kisanduku na kuvuta dawa iliyogeuzwa mvuke. Nasema wazi maoni yangu: anayemnunua ndege wa Aktiki kumfuga jangwani ajue kwamba amenunua pia wajibu wa kumjengea ubaridi na hewa safi, na asiyeweza wajibu huo achague sakeri, ambaye ni ndege wa nyika kavu.

Upande mwingine wa hospitali kuna kazi ambayo si ya ugonjwa hata kidogo, na ndiyo inayowavuta wageni wengi. Shahini akijirusha kutoka juu kumfuata windo hushuka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kwa kasi hiyo unyoya mmoja ukivunjika si jambo la urembo. Manyoya ya bawa huegemeana, na pengo la mmoja huwaachia majirani mzigo mpaka nao wavunjike. Kila bawa lina manyoya makuu 10, mkia una 12. Kozi hunyonyoka mara moja kwa mwaka, kuanzia machipuko hadi mwisho wa kiangazi, tena kwa zamu, kulia na kushoto pamoja, ili asipoteze uwezo wa kuruka. Aliyevunja unyoya Novemba, msimu wa kuwinda unapoanza kupamba moto, angelazimika kusubiri miezi mingi.

Hapo ndipo hutumika ufundi uliokuwapo karne nyingi kabla ya nusukaputi. Unyoya uliokwisha kukua hauna damu wala hisia, ni sawa na ukucha. Hospitali huhifadhi droo za manyoya yaliyopukutika, yakiwa yamepangwa kwa aina ya kozi, kwa bawa la kulia au la kushoto, kwa nafasi na kwa rangi. Ndege akiwa amelala, fundi hukata shina la unyoya uliovunjika, hutafuta mwenzake kwenye droo anayelingana naye urefu na mpindo, huchonga kijiti chembamba cha mwanzi au nyuzi za kaboni, hukichomeka nusu kwenye shina lililobaki mwilini na nusu kwenye unyoya mpya, kisha hugundisha. Akikosea pembe kidogo tu, bawa litavuta upande. Mkia mzima unaweza kubadilishwa kwa kikao kimoja. Ndege akiamka huruka kwa manyoya ya kozi mwingine, na wakati wa kunyonyoka ukifika mashina yote mawili huanguka pamoja na unyoya wake halisi huota.

Kucha nazo hupunguzwa na mdomo husuguliwa, kwa kuwa ndege wa mkononi hasuguani na miamba. Nyayo ndizo zenye hatari. Kozi wa porini hutua kwenye tawi, jabali na udongo. Wa nyumbani husimama juu ya kitulio kimoja kutwa kucha, na msimu ukiisha hunenepa. Ngozi ya chini ya mguu husagika, bakteria huingia, na uvimbe wenye usaha mgumu hujengeka katikati ya wayo. Ukiachwa hufika kwenye mfupa. Daktari hulazimika kuupasua, kutoa kiini chote, na kumvalisha ndege kiatu cha sponji kwa wiki kadhaa. Zile nyasi bandia za kwenye vitulio zimewekwa kwa ajili hiyo: ncha zake nyingi hugawa uzito, na damu ikaendelea kupita nyayoni.

Kazi huzidi Septemba na Oktoba, wenye ndege wanapowaleta kozi wakaguliwe kabla ya kwenda kuwinda. Windo la jadi ni hubara, tandawala wa jangwani, na wengi huvuka mipaka kumfuata au kwenda kwenye mashindano. Kwa hiyo kozi huhitaji pasi. Tangu 2002 Umoja wa Falme za Kiarabu hutoa pasi za kozi chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kila pasi ikiwa na namba ya pete ya mguuni au ya kijichipu kilicho chini ya ngozi. Kozi aliyenaswa porini kwa magendo hana namba hiyo, na sakeri amekwisha kuorodheshwa miongoni mwa spishi zilizo hatarini kutoweka. Uwindaji wenyewe wa kutumia kozi uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Novemba 2010, katika kikao kilichofanyika Nairobi, kwa maombi ya nchi 11.

Wapo wagonjwa wa hospitali hii ambao hukaguliwa mara moja tu. Mwaka 1995 Sheikh Zayed bin Sultan Al Nahyan, aliyekuwa rais wa Umoja wa Falme za Kiarabu, alianzisha mpango wa kuwarudisha kozi porini baada ya msimu, na tangu hapo sakeri na shahini zaidi ya 2,000 wameachiliwa katika nchi kama Pakistan na Kazakhstan, kwenye njia zao za kuhama. Kabla ya safari huchunguzwa damu, mapafu, nyayo na manyoya, na huwekewa kijichipu. Ukaguzi huo unapaswa kuwa mkali kuliko mwingine wowote, maana kozi aliyekwisha kuachiliwa hana mtu wa kumweka kwenye mizani kesho asubuhi na kugundua kwamba gramu 50 zimepotea.