Tumfundishe Mtoto Kusema Mbele za Watu

Mashindano ya hotuba, midahalo na ngonjera wengi wetu huyaona kuwa mambo ya shule tu, ya kutafuta zawadi ya madaftari. Mwezi huu tunayatazama kwa upande wa afya, kwani mtoto asiyeweza kusema hubaki na maumivu yake peke yake.

Hofu hutoka wapi?

Mtu anaposimama mbele ya watu, mwili hujiandaa kana kwamba umekutana na hatari. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga ndani ya damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, mdomo hukauka, viganja hutoka jasho na magoti hutetemeka. Huu si ugonjwa, wala si alama ya ujinga. Anayerudia kusimama, mara nyingi hofu yake hupungua. Anayekimbia kila mara, hofu yake huzidi. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mashindano: mtoto hupata nafasi ya kurudia, penye utaratibu na makofi.

Faida yake katika maisha

Mtoto aliyezoea kupanga maneno ataweza kumwambia daktari mahali panapouma, tangu lini, na maumivu huzidi wakati gani. Maelezo hayo husaidia ugonjwa kugunduliwa mapema.

Liko jambo zito zaidi. Mtu mzima mwenye nia ya kumharibu mtoto hutegemea kimya cha mtoto huyo. Aliyezoea kutoa sauti anaweza kupata ujasiri wa kukataa, na wa kuja kutueleza. Lakini ulinzi si mzigo wake. Ni wajibu wetu wazazi kumsikiliza na kumsadiki, si kumnyamazisha eti mtoto hasemi mbele ya wakubwa.

Na mwenye kigugumizi?

Kati ya watoto 100, wapatao 5 hupita katika kipindi cha kigugumizi, hasa kati ya miaka 2 na 5, na wengi wao hupona. Si laana, wala hakiponi kwa viboko. Tusimmalizie maneno, tumngoje kwa upole. Musa naye alilalamika kwamba ulimi wake ni mzito, na Mungu akampa nduguye Haruni awe msemaji wake (Kut 4:10-16). Mtoto wa namna hii asilazimishwe kushindana, wala asizuiwe akipenda.

Tufanye nini?

1. Tuanzie nyumbani. Baada ya sala ya jioni, kila mtoto asimulie jambo kwa dakika 2.

2. Parokia ziandae ngonjera, ambazo marehemu Mathias Mnyampala wa Dodoma alizieneza katika miaka ya 1960. Zinawafaa wenye haya, maana husemwa kwa zamu, wakiwa wengi.

3. Kabla ya kusimama, mtoto anywe maji kidogo, avute pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi.

4. Tusifu bidii yake, hata akiwa wa mwisho. Aliyechekwa nyumbani hatapanda tena jukwaani.

5. Mtoto akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akiumwa tumbo kila asubuhi na kukataa shule, tumpeleke kituo cha afya, tena tumwulize taratibu kinachomsumbua.

Kombe litakaa kabatini. Ujasiri wa kusema ataondoka nao mtoto mwenyewe, na huenda siku moja ukamwokoa.