Kabla ya Kupiga Windows

Frateri akirudi parokiani likizo, watu humdhania anajua kila kitu, kuanzia Kilatini mpaka kompyuta. Kilatini hakuna anayekiulizia. Kompyuta ndiyo tunayoletewa: "Frateri, hii mashine inajizima yenyewe," au, "Inawaka taa tu, haiendelei." Na mara nyingi mwenye nayo ameshaamua dawa: ipigwe Windows upya.

Tunaandika kuipinga dawa hiyo inapotolewa kabla ya ugonjwa kujulikana. Kupiga Windows upya kwa kawaida hufuta sehemu ya diski iitwayo C, na humo ndimo yanamokaa mafaili tuliyoyaacha kwenye desktopu: hesabu za jumuiya, orodha ya watoto wa Komunyo ya Kwanza, picha za mazishi ya babu, tasnifu iliyobakiza sura moja. Kama kasoro ilikuwa kwenye umeme au kwenye joto, Windows mpya nayo itazimika vilevile. Mwenye mali atakuwa amelipa, amepoteza mafaili, na ugonjwa bado anao.

Tuanze kwa kuangalia kompyuta inafika wapi kabla ya kusimama. Ikiwashwa, umeme huingia kwenye pawasaplai, ambayo huugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Mazabodi hujikagua, ikimtazama prosesa na ramu. Kisha huitafuta diski. Windows hupakiwa mwisho kabisa. Kwa hiyo kompyuta isiyoonyesha hata nembo ya kampuni iliyoitengeneza haijafika kwenye Windows, na haiwezi kuwa imezuiwa na Windows. Hoja hiyo moja huokoa fedha nyingi.

Isipowaka hata taa, tutazame soketi, ekstensheni, na ile swichi ndogo nyuma ya pawasaplai ambayo anayefagia huweza kuigusa bila kujua. Waya wa umeme wa monita mara nyingi ni wa aina ileile, basi tubadilishane nao kabla ya kununua mwingine. Vikiwa vizima vyote, mshukiwa ni pawasaplai, ambayo ndiyo ya kwanza kupokea pigo umeme unapopanda na kushuka. Fundi mwenye mita huipima: njia ya volti 12 haipaswi kushuka chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6. Sisi tusiifungue. Ndani yake mna kapasita zinazoshika umeme wa kuweza kuua hata baada ya waya kuchomolewa.

Ikiwa feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, tusikilize milio. Idadi yake ina maana, ingawa kila mtengenezaji ana lugha yake, hivyo tuitafute kwa jina la mashine yenyewe. Mara nyingi tatizo ni ramu iliyolegea au yenye kutu nyepesi kwenye meno yake. Tuchomoe waya wa umeme, tubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, tuguse chuma kitupu cha kasha, kisha tuitoe ramu, tuyafute meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, na tuirudishe mpaka vibanio vilie. Zikiwa mbili, tujaribu moja moja.

Hapo kwenye moja moja somo la mantiki linatusaidia kweli. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza njia ya tofauti: hali mbili zikifanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na matokeo yakatofautiana, hicho kimoja ndicho chanzo au sehemu ya chanzo. Aliyebadilisha ramu, akapuliza vumbi na kupiga Windows siku hiyohiyo, hata kompyuta ikipona hajui kilichoiponya. Ikirudia mwezi ujao, ataanza upya, na kulipa upya.

Kundi linalosumbua zaidi ni la kompyuta zinazowaka vizuri, kisha zinajizima. Nyingi tunazoletewa ni za mezani, zilizokwisha kutumika miaka kadhaa maofisini ng'ambo kabla hazijatufikia. Vumbi limejaa kwenye feni na kwenye mapezi ya kipozeo, na grisi iliyo kati ya prosesa na kipozeo imekauka. Prosesa ikipata joto la kupindukia, kwa nyingi ni karibu na nyuzi 100 au zaidi, hujizima ili isiungue. Dalili ya joto ina mpangilio: inazimika haraka zaidi inapofanya kazi nzito, kama kuchezesha video, na ikiwashwa papo hapo inadumu muda mfupi kuliko mwanzo. Ikipumzika saa nzima, inakuwa nzuri tena. Kompyuta inayozimika ovyo, hata ikiwa baridi, hata ikiwa haifanyi kitu, ituelekeze kwenye pawasaplai au ramu. Vumbi tulitoe kwa brashi laini, tukilizuia feni kwa kidole lisizunguke. Tukiwa humo ndani tutazame kapasita za mazabodi, yale makopo madogo yaliyosimama: yaliyovimba kichwani au kuvuja ute wa kahawia ni mgonjwa aliyejitaja mwenyewe.

Betri ndogo ya mviringo, CR2032, huleta sura nyingine. Ikiisha, saa hurudi miaka ya nyuma, baadhi ya mashine husimama zikitaka ubonyeze F1, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa sababu tarehe haiaminiki. Ni kifaa cha bei ndogo, na tumesikia kikiitwa virusi.

Skrini ya bluu ikitokea, tuipige picha kwa simu kabla haijapotea. Jina la kosa lililoandikwa pale lina thamani kuliko maelezo yetu. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows wengi hukutana na tukio namba 41, wakafurahi kwamba wamepata chanzo. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Ni sawa na cheti cha kifo kinachoandika kwamba marehemu amekufa.

Diski ikianza kugonga kama saa ya ukutani, au mafaili yakichukua dakika nzima kufunguka, tusimamishe kila kitu tunusuru mafaili. Hata ule ukaguzi wa diski unaoletwa na Windows yenyewe usianzishwe kwanza, kwa maana huilazimisha diski dhaifu kufanya kazi nzito. Njia nzuri ni kuandaa flashi yenye Ubuntu au Linux Mint kwenye kompyuta nyingine, kuiwasha mashine kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote, na kunakili mafaili kwenye diski ya nje. Kompyuta mpya huenda zimefungwa kwa BitLocker. Hizo zitadai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Na flashi hiyohiyo ni kipimo: kompyuta ikifanya kazi siku nzima kwa Linux bila kuzimika, basi lawama zaielekea Windows au diski.

Baada ya hapo ndipo tuiguse Windows: kuiwasha katika hali salama, kuondoa programu au draiva iliyowekwa kabla ya tatizo kuanza, kuurudisha mfumo kwenye tarehe ya nyuma. Kuipiga upya kuje mwisho, mafaili yakiwa yameshatoka.

Ikibidi kwenda kwa fundi, tumpelekee karatasi: inasimama hatua gani, baada ya dakika ngapi, milio mingapi, kitu gani kimeshajaribiwa. Tumwambie wazi kama mafaili yamenakiliwa au bado, na kwamba asifute kitu kabla ya kupiga simu. Akibadilisha kifaa, tumwombe aturudishie kile cha zamani.