Huko Samail, ‘wow’ peke yake haitoshi

Mgeni akipakatishwa mtoto mchanga katika nyumba ya Samail, akasema ‘wow!’ kisha akanyamaza, mama wa mtoto hatulii. Anasubiri Mashallah. Sifa isiyofuatana na jina la Mwenyezi Mungu huogopwa kuleta kijicho, na Kiingereza hakijasamehewa sharti hilo. Ndiyo maana vijana wengi huyatoa yote mawili kwa pumzi moja: ‘Wow, Mashallah!’

Samail ni wilaya ya mkoa wa Dakhiliyah nchini Oman, katika bonde linalopenya milima ya Hajar na kuunganisha pwani ya Muscat na Nizwa. Huko ndiko alikotoka Mazin bin Ghadhuba, anayetajwa kuwa Mwomani wa kwanza kusilimu. Wilaya hiyo hiyo, katika kijiji cha Mahram, ndiko alikozaliwa mshairi Nasir bin Salim al-Bahlani, maarufu kwa jina la Abu Muslim. Alihamia Zanzibar, akawa kadhi, akaanzisha gazeti la Al-Najah mwaka 1911, akafia huko huko mwaka 1920.

Njia aliyoipita yeye ilipitwa na wengi, kwenda na kurudi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, familia nyingi zilirejea na Kiswahili chao. Baadhi ya waliorejea walikuwa wamesoma kwa Kiingereza, na elimu hiyo iliwafungulia milango ya kazi serikalini. Leo watoto wa Oman huanza Kiingereza darasa la kwanza. Basi katika nyumba moja bibi atashtuka kwa ‘Lo!’, baba kwa ‘Subhanallah!’, na mjukuu kwa ‘Oh my God!’

Maneno haya sarufi yetu huyaita vihisishi, na vitabu vingi huviweka mwisho kabisa wa orodha ya aina za maneno. Darasani navyo hupewa dakika za mwisho: ‘ouch’ ni maumivu, ‘yuck’ ni kinyaa, ‘phew’ ni kushusha pumzi, ‘oops’ ni kuteleza. Mwanafunzi anakariri, anafaulu mtihani, kisha anamwandikia rafiki aliyefiwa na mzazi: ‘Ouch!’ Hakukosea maana, maana msiba nao unauma. Ila ‘ouch’ ni ya kidole kilichobanwa na mlango. Kupeleka neno hilo msibani ni kama kwenda kuhani na kanga ya harusi.

Kosa la orodha ni kwamba inataja hisia na kumsahau anayesikia. Mwaka 2013, Mark Dingemanse, Francisco Torreira na Nick Enfield walichapisha utafiti uliochunguza kwa karibu lugha 10, kuanzia ya Iceland hadi ya Laos. Katika zote walikuta mguno mfupi unaofanana na ‘huh?’ ya Kiingereza, wa kumtaka msemaji arudie alichosema. Mguno, basi, hauna kwao. Adabu ndiyo yenye kwao. Mtoto wa Unguja akiitwa na mkubwa wake akajibu ‘eeh?’, ataambiwa hakufunzwa. Anatakiwa aseme labeka, abee au naam. Kiingereza nacho kina labeka yake: ‘huh?’ ni ya rika, mwalimu na mzee huambiwa ‘pardon?’ au ‘sorry?’

Jina la Mungu ni mtego mwingine. Kwetu, mtu aliyeshtuka akasema ‘Yarabi!’ amemkumbuka Mola wake, na hakuna wa kumlaumu. Kijana akiona ‘Oh my God!’ imejaa kwenye filamu hudhani ni yale yale. Lakini kwa Wakristo wengi washika dini, wazee hasa, huko ni kulitaja bure jina la Mungu. Wenye lugha yao wakabuni njia ya kando, wakasema ‘gosh’ na ‘goodness’. Mwanafunzi wa Samail angelielewa hilo upesi sana, kwa kuwa amelelewa kujua kwamba jina hilo lina heshima yake, kama angeelezwa tu.

Hata sauti isiyo neno ina daraja zake. Mwingereza akigonga ulimi nyuma ya meno mara mbili, anatoa lawama nyepesi au anasikitika. Msonyo wa pwani yetu ni pumzi ndefu inayovutwa kati ya meno, nao ni tusi kamili. Asiyejua tofauti anaweza kugombana bila kutamka herufi moja.

Mwalimu wa Kiingereza, iwe Samail au Sumbawanga, asiishie kwenye orodha. Awasikilizishe wanafunzi mazungumzo halisi, awaulize nani anasema na nani, mahali gani, kwa sauti ya urefu gani, kisha awape nafasi waigize. Na wazee nyumbani wasiuonee haya Uswahili wao mbele ya wajukuu; hizo ‘Masalale!’ na ‘Hasha!’ ni somo ambalo shule haina wa kulifundisha. Mtoto anayejua lini aseme labeka hatapata tabu kujua lini aseme ‘pardon’.