Wanaoelekea fani ya mazingira wasiiache lugha nyuma

Miongoni mwa wanafunzi wa isimu wapo wengi wanaoniuliza iwapo ni busara kuacha ualimu au uanahabari ili kusomea shahada ya uzamili katika mazingira na maendeleo endelevu. Shabaha yao ni kuwa maafisa wa mawasiliano katika mashirika yanayoshughulikia misitu, maji, nishati na tabianchi. Wanasema wangependa kalamu zao ziwafae watu, si kuwaletea mishahara tu.

Nia hiyo ni njema, wala siungani na wanaoshikilia kwamba mtu akishasomea lugha amejifungia mlango wa sayansi. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa mtaalamu wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yeye alitoka maabara akaenda kuzungumza na kina mama kuhusu miche na kuni. Kwa nini basi mwalimu wa Kiswahili asiianze safari hiyo kutoka upande wa pili?

Hata hivyo, lipo swali ambalo kila anayehama sharti ajiulize: je, anahama pamoja na lugha yake, au anaiacha langoni mwa chuo?

Swali hili si la anasa. Mnamo Juni 26, 2019, mahakama maalumu ya kitaifa inayosikiza rufani za mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichonuiwa kujengwa Lamu. Mojawapo ya sababu kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari za mradi huo. Izingatiwe kwamba kanuni za tathmini za mwaka 2003 zilitaka matangazo ya redio yatolewe kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano ya hadhara ifanywe na wale watakaoathirika. Sheria basi ilikuwapo, na Kiswahili kilikuwapo pia. Lamu ni mojawapo ya vitovu vyake vikongwe.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mwanamawasiliano. Kiwanda cha namna hiyo kikipozwa kwa maji ya bahari, huyarudisha maji hayo yakiwa na joto zaidi. Ripoti ya mtaalamu hueleza jambo hilo kwa nyuzi na michoro. Mvuvi naye huuliza: maji hayo yatafika wapi wakati wa bamvua, na wakati wa maji mafu je? Moshi utaelekea wapi kusi ikivuma, na wapi wakati wa kaskazi? Anayeweza kuyajibu maswali hayo ni yule aliyeisoma sayansi kwa makini na akaimiliki lugha ya anayeuliza. Mwenye moja tu kati ya hayo mawili hatoshi.

Kadhalika, chukua utabiri wa mvua. Ukisema kuna uwezekano wa asilimia 40 kwamba mvua itazidi wastani, mkulima asiyefafanuliwa husikia kwamba mvua itakuwa nyingi. Ukweli ni kwamba kuna asilimia 60 ya mambo kwenda vingine. Kosa dogo la sentensi laweza kumgharimu mbegu za msimu mzima.

Kwa sababu hii, ninawashauri wanaojiandaa kwa safari hiyo wazingatie mambo matatu. Kwanza, wasiikwepe takwimu. Asiyeelewa hesabu atageuka kasuku wa wanaoielewa. Pili, kila tasnifu ya mazingira wanayoiandika kwa Kiingereza waiambatanishe na muhtasari wa Kiswahili ambao mwenyeji wa mahali palipofanyiwa utafiti anaweza kuusoma na kuupinga. Wasimamizi wao nao wautahini muhtasari huo kama sehemu ya kazi, si pambo. Tatu, wafahamu kwamba baadhi ya waajiri hutafuta msifu, si mweleza. Afisa anayetangaza miche iliyopandwa na kunyamazia mto uliochafuliwa amebadilisha kazi, lakini hajapata lengo jipya.

Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na katika kifungu cha 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivyo viwili vyahitaji kukutanishwa, na wa kuvikutanisha ni hao wanafunzi wetu. Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nendeni mkasome, lakini mrudi mkiwa bado mnaweza kuzungumza na mvuvi na mkulima, nao wawajibu.